Habu inayochemka na breki zinazolegea: namna ya kusaka chanzo kabla gari halijapoa

Gari linaloshuka kutoka Lushoto hadi Mombo hupoteza takribani mita 1,000 za mwinuko katika safari fupi yenye kona nyingi. Ikiwa gari hilo lina uzito wa tani 2, nishati inayopaswa kumezwa njiani ingetosha kuchukua zaidi ya lita 50 za maji ya baridi na kuyafikisha kwenye kiwango cha kuchemka. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na injini, iwapo dereva ametumia gia ndogo, na sehemu nyingine huchukuliwa na upepo unaolipinga gari. Inayobaki yote huishia kwenye diski na ngoma za breki. Kwa hiyo, mtu anayesimama Mombo na kukuta magurudumu yote manne yana joto hajagundua ubovu wowote, kwa kuwa breki zimefanya kazi iliyozifanya zitengenezwe.

Ubovu huonekana kwenye tofauti. Gurudumu moja likiwa na joto kali wakati mwenzake wa ekseli hiyohiyo ni vuguvugu tu, au gurudumu likiunguza baada ya mwendo wa tambarare ambako breki zimeguswa mara chache, hapo kuna jambo la kutafuta. Jambo hilo huwa moja kati ya mawili: ama breki haiachii, ama beringi ndani ya kitovu cha gurudumu, ambacho mafundi wengi hukiita habu, imeanza kufa. Dalili za mwanzo za mambo haya mawili hufanana sana, na ndiyo maana wenye magari wengi hununua pedi mpya, kisha kalipa, yaani kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, kisha beringi, na bado gurudumu linaendelea kuchemka. Ushahidi unaotenganisha vyanzo hivyo ni joto lenyewe, nalo hupotea baada ya nusu saa ya kusimama. Gari linalofikishwa gereji asubuhi likiwa limepoa humlazimisha fundi kubahatisha, hata awe hodari kiasi gani.

Uchunguzi wa kando ya barabara

Simamisha gari mahali tambarare, nje ya njia, na utumie mawe au vigingi kuzuia magurudumu ambayo hayana joto. Usivute breki ya mkono ikiwa joto liko nyuma, kwa sababu viatu vya breki vinavyobanwa juu ya ngoma yenye moto mkali vinaweza kung'ang'ania, na ngoma ikapoa ikiwa imepoteza umbo. Usimwage maji, kwa kuwa chuma cha diski au ngoma kikipozwa ghafla huweza kupinda au kupasuka, na ufa mdogo wa leo ndio unaokatika siku ya mteremko. Moshi ukizidi au mwali ukionekana, washushe abiria, weka kizimamoto karibu, na usisimame ukiutazama ubavu wa tairi, kwani tairi lililopashwa moto kupita kiasi linaweza kulipuka.

Baada ya hapo ndipo upimaji uanze, na uanze haraka. Kipimajoto cha mionzi, kile chenye umbo la bastola, ni kifaa ambacho kila gereji inayojiheshimu inapaswa kuwa nacho, lakini kina udhaifu mmoja ambao wauzaji hawautaji: kikielekezwa kwenye chuma kinachong'aa husoma joto la chini kuliko lilivyo. Kielekeze kwenye sehemu yenye kutu, rangi au masizi, na uhakikishe unapima sehemu ileile upande wa kushoto na wa kulia. Asiye na kifaa hicho asogeze mgongo wa mkono karibu na rimu bila kuigusa, au adondoshe matone mawili ya maji kwenye rimu ya chuma, mbali na diski. Matone yakichemka na kuruka, chuma hicho kimepita kiwango cha kuchemka kwa maji, ambacho ni nyuzi 100 za Selsiasi pale Tanga au Mombasa lakini hushuka hadi karibu nyuzi 94 Mbeya, kwa sababu ya mwinuko wa mji huo.

Swali la kwanza ni mahali joto lilipo kali zaidi. Diski ikiwa na moto kuliko katikati ya gurudumu, tuhumu breki; kifuniko cha habu kikiwa na moto kuliko diski, na hasa kama grisi imeyeyuka na kutapakaa kwenye rimu kwa mistari inayotoka katikati kuelekea nje, tuhumu beringi. Ukichelewa kwa dakika 15, joto litakuwa limesambaa kutoka upande mmoja hadi mwingine na jibu litakuwa limefutika. Kwenye gurudumu lenye ngoma kazi huwa ngumu zaidi, kwa kuwa ngoma imeifunika habu na vyuma hivyo viwili hupashana joto mapema. Hapo pua husaidia: pedi au viatu vilivyoungua hutoa harufu kali inayochoma koo, ilhali grisi iliyoungua hunuka kama mafuta ya injini yaliyomwagikia ekzosi.

Kumbuka pia gari lilivyokuwa likienda kabla hujasimama. Breki inayoshika hulivuta gari upande mmoja hata mguu ukiwa mbali na pedali, hulifanya liwe zito kana kwamba linapanda mlima usioonekana, na hulizuia kuserereka lenyewe kwenye mteremko mdogo likiwa nje ya gia. Beringi mbovu huanza na mlio, mvumo mzito unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka na kubadilika unapokata kona. Gari linapokata kona kwenda kulia uzito wake hulalia magurudumu ya kushoto, kwa hiyo mvumo unaozidi kwenye kona hiyo mara nyingi hutoka kwenye beringi ya kushoto. Mvumo usiobadilika kabisa kwenye kona huenda ukawa ni wa tairi lililolika vibaya.

Gurudumu likiwa hewani

Inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi imara, kisha lizungushe gurudumu kwa mkono. Likizunguka kwa urahisi lakini kwa mkwaruzo unaosikika hadi kwenye springi ukiishika, breki imeachia na beringi ndiyo inayolalamika. Shika tairi juu na chini na ulitikise; likicheza, mwombe msaidizi akanyage breki huku ukiendelea kulitikisa. Mchezo ukipotea breki inapokanyagwa, uko kwenye beringi, kwa kuwa breki imeifunga habu na sehemu isiyozunguka kuwa kitu kimoja. Mchezo ukibaki vilevile, tafuta kwenye viungo vya mguu wa gari, yaani vinavyolishikilia gurudumu. Jaribio hili halichukui hata dakika moja, nalo limewaokoa wengi wasinunue beringi wasiyoihitaji.

Gurudumu likiwa gumu kuzungushwa, chanzo ni breki, na hapa ndipo panapostahili utulivu kuliko mahali pengine pote, kwa sababu breki huweza kushika ama kwa shinikizo la mafuta lililonaswa ndani ya mfumo, ama kwa chuma kilichokwama. Vaa miwani, weka kitambaa, na ufungue kidogo skrubu ya kutolea upepo iliyo kwenye kalipa ya gurudumu hilo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia papo hapo, kulikuwa na shinikizo ambalo halikupata njia ya kurudi. Gurudumu likibaki gumu, hakuna shinikizo lililonaswa, na tatizo limo ndani ya kalipa yenyewe: pistoni iliyoshika kutu au pini za kutelezea zilizokauka.

Tuseme shinikizo lilikuwepo. Bado hujui limenaswa wapi, kwa hiyo kaza skrubu, kanyaga breki tena hadi gurudumu lishike, kisha ulegeze kiungo cha paipu ya chuma pale inapokutana na mpira wa breki, yaani bomba laini linalopeleka mafuta kwenye kalipa, upande wa kuelekea kwenye silinda kuu, ile inayosukumwa na pedali. Gurudumu likiachia, mpira hauna kosa na shinikizo linazuiwa huko juu. Gurudumu lisipoachia kwenye kiungo hicho lakini likaachia kwenye skrubu ya kalipa, mpira ndio mkosaji. Mpira wa breki uliozeeka huvimba au kuchanika ndani ilhali ngozi ya nje bado ni nyeusi na nzuri, na kipande kilichochanika hufanya kazi kama mlango unaofunguka upande mmoja. Nguvu ya mguu wa dereva ni kubwa, hivyo mafuta hupenya kwenda kwenye kalipa. Kinachoirudisha pistoni ni mnyumbuko mdogo tu wa sili yake, na nguvu hiyo haiwezi kuusukuma mlango ule.

Nimeona pikapu iliyobadilishwa kalipa ya mbele kushoto mara mbili, na pedi mara zaidi ya hizo, kwa hitilafu hii peke yake. Kila mara ilipoletwa asubuhi gurudumu lilizunguka vizuri, kwa sababu mafuta yaliyopoa husinyaa na shinikizo lililonaswa hupungua taratibu usiku kucha. Mpira wenyewe ulikuwa ndiyo spea ya bei nafuu kuliko zote zilizonunuliwa.

Magurudumu yote yakishika kwa pamoja, au mawili yanayotumia njia moja ya mafuta, achana na kalipa na uangalie silinda kuu. Ndani yake kuna tundu dogo linalorudisha mafuta kwenye kikopo pedali inapoachiwa, na tundu hilo likizibwa, kila joto linaloyatanua mafuta huzikaza breki zaidi, breki zilizokazwa huongeza joto, na gari hujifunga lenyewe baada ya kilomita chache. Huzibwa na uchafu, au na pistoni ya silinda ambayo hairudi hadi mwisho kwa sababu fimbo ya kusukumia imewekwa ndefu mno, jambo linalotokea mara nyingi baada ya busta, kifaa kinachoongezea nguvu ya mguu, au swichi ya taa za breki kuguswa. Pedali inapaswa kuwa na mchezo mdogo wa bure kabla haijaanza kusukuma. Isipokuwa nao, anza hapo.

Kuna chanzo kingine kinachosikitisha kwa sababu hutokana na haraka ya mtu mmoja: kumimina mafuta ya injini au ya usukani kwenye kikopo cha breki. Mafuta hayo huzivimbisha sili zote za mfumo. Fungua kikopo utazame mpira ulio ndani ya kifuniko. Ukiwa umevimba na kukunjamana hata haurudi mahali pake, dawa si kumwaga mafuta na kujaza mengine, bali ni kubadilisha kila kipande cha mpira kuanzia silinda kuu hadi kwenye kalipa na mipira ya breki.

Kalipa iliyokwama huandika habari zake kwenye pedi. Kwenye kalipa inayoteleza, pini zikikauka pedi ya ndani, iliyo upande wa pistoni, hulika kuliko ya nje, au pedi hulika kwa mshazari, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Pedi zote mbili zikiwa zimelika sawasawa lakini ni nyembamba mno kuliko za gurudumu la pili, rudi kwenye mpira wa breki. Pini zisafishwe na kupakwa grisi maalumu ya breki, si ya beringi, kwa kuwa grisi ya kawaida huyeyuka na kuharibu mpira unaozikinga. Kwenye magurudumu ya nyuma yenye ngoma, kabla ya yote legeza kebo ya breki ya mkono. Kebo iliyojaa matope ya masika na kutu haikosi kushika, na fundi aliyekaza viatu kupita kiasi ili breki ya mkono ishike juu huleta matokeo hayohayo.

Beringi na makosa ya mkono wa fundi

Habu za mbele za Land Cruiser za mfululizo wa 70 na za Hilux nyingi za zamani hutumia beringi mbili za koni ambazo hukazwa kwa nati, na uimara wake hutegemea kipimo. Nati iliyokazwa mpaka igome huzibana koni, grisi huungua, na beringi mpya hufa katika safari yake ya kwanza ndefu. Utaratibu ulio salama ni kukaza huku habu ikizungushwa ili koni zikae, kulegeza, kisha kukaza tena kwa nguvu ndogo iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kufunga kizuizi cha nati kwa kipande kipya. Magari madogo ya kisasa yana beringi iliyofungwa pamoja na habu, isiyokazwa wala kutiwa grisi. Ikivuma hubadilishwa nzima.

Ukiifungua beringi ya koni, soma rangi yake. Chuma chenye vivuli vya kahawia au buluu kimepoteza ugumu wake na hakirudi kazini, hata kikiwa bado laini mkononi. Grisi nyeupe kama maziwa inaeleza kwamba maji yameingia, kawaida baada ya kuvuka mto au kuoshwa kwa mashine ya shinikizo kubwa habu ikiwa bado ya moto. Grisi iliyogeuka uji mwembamba huenda ilitokana na kuchanganya aina mbili zisizopatana, kwa hiyo ya zamani ioshwe yote kabla ya mpya kutiwa. Wala habu isijazwe pomoni kwa kudhani kwamba wingi ni usalama, maana grisi iliyozidi husokotwa bila kupata nafasi na yenyewe huzalisha joto. Koni na pete yake ya nje vibadilishwe pamoja kila mara.

Mguu unavyosoma pedali

Habu yenye moto na breki dhaifu si maradhi mawili, kwa kuwa la kwanza mara nyingi ndilo linalozaa la pili, na namna pedali inavyojibu huonyesha njia iliyopitiwa. Pedali ikizama na kuwa laini kama sifongo baada ya mteremko, kisha ikarudi ngumu gari lilipopoa, mafuta ya breki yamechemka na kutoa mvuke, nao mvuke hubanwa badala ya kusukuma. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na ya DOT 4 chini ya nyuzi 230, lakini yote hunyonya unyevu wa hewa, na yakishalowa viwango hivyo hushuka hadi nyuzi 140 na 155. Katika hewa nzito ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, mafuta yaliyokaa miaka mitatu bila kubadilishwa si mafuta ya kuteremka nayo Kitonga. DOT 5.1 huchanganyika na hayo. DOT 5 ya silikoni haichanganywi nayo kamwe, ingawa majina yanakaribiana.

Pedali ikibaki juu na ngumu huku gari likikataa kusimama, mafuta hayana kosa. Ama pedi zimepata moto hadi zikapoteza msuguano, na hapo utanusa, ama busta haipati ombwe. Zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, iendelee kukanyagwa, kisha washa. Busta nzima itaiachia izame kidogo. Isipozama, kagua paipu ya ombwe, na kwenye dizeli nyingi za zamani za Toyota kagua pia pampu ndogo iliyo nyuma ya alteneta.

Pedali inayozama mara ya kwanza na kuwa nzuri mara ya pili humpeleka fundi mzembe moja kwa moja kwenye kutoa upepo, ambao pengine haumo. Beringi iliyolegea huifanya diski iyumbe na kuzirudisha pedi nyuma, hivyo mkanyago wa kwanza hutumika kuzisogeza tu. Viatu vya nyuma vilivyo mbali na ngoma hufanya vivyo hivyo. Pedali inayozama polepole mguu ukiwa umetulia juu yake ina silinda kuu inayovuja kwa ndani, isipokuwa kama utapata unyevu wa mafuta kwenye gurudumu mojawapo.

Gari likivuta upande mmoja wakati wa kufunga breki tu, angalia sili ya ekseli ya upande ule mwingine. Mafuta ya difu (gia za ekseli) yakilowesha viatu, gurudumu hilo haliumi tena. Viatu vilivyolowa hutupwa. Ile desturi ya kuvimwagia petroli na kuviwasha moto hukausha uso peke yake, na joto la safari ya kwanza huyatoa tena mafuta yaliyojificha ndani.

Kwenye malori ya breki za upepo njia ya kufikiri ni hiyohiyo, ila breki inayoshika huko yaweza kutokana na shinikizo la tangi lililo chini kiasi cha kutoweza kuibana springi ya breki ya kuegeshea, au na virekebishaji vilivyokazwa bila usawa kati ya kushoto na kulia.

Baada ya matengenezo, endesha kilomita 10 hadi 15 kwenye tambarare bila kutumia breki ovyo, acha gari lipungue mwendo lenyewe, na upime tena kushoto na kulia kabla hujazima injini. Pedi na viatu vibadilishwe kwa jozi ya ekseli nzima, vinginevyo tofauti utakayoipima itakuwa ya vipuri na si ya ubovu. Kaza tena nati za gurudumu lililokuwa likichemka, kwa sababu joto hulegeza mshiko wake. Ikiwa joto limehamia gurudumu la pili la ekseli hiyohiyo baada ya mpira mmoja kubadilishwa, usishangae: mpira wa upande huo una umri uleule.